Mauwa wa Nyumba Isiyokaanga

"Hivi wewe da Mauwa, unakaanga bagia, au unatukaangia watoto?"

Swali hilo Mauwa aliulizwa uani, alfajiri, karai limeshaanza kuimba. Aliyeuliza ni Noela, jirani yake wa mlango wa pili, kajifunga kanga kifuani na mkono kauweka kiunoni. Mauwa akamtazama Noela, akalitazama karai, akazitazama bagia zake zinavyojigeuza na kuiva taratibu. Na kusema haki, lile swali lilikuwa gumu. Mtu umeamka kabla ya adhana, umesaga kunde zako, umekata vitunguu mpaka machozi yamekutoka, umepiga bismillahi, halafu unaambiwa ni muuaji na hata uso hujanawa.

"Nimefanya nini, mama Jesca?"

"Jesca katoka vipele. Vya maji. Tangu jana jioni."

Basi ikaeleweka. Jesca, binti yake Noela wa darasa la kwanza, alikuwa ameletewa tetekuwanga na shule, kama wenzake wanavyoletewa madaftari. Na katika nyumba ile ya kupanga, Tandale, kila mtu alijua kwamba mtoto mwenye tetekuwanga hatakiwi kunusa mafuta ya moto. Akinusa, vipele vinakasirika, vinarudi ndani, na vikirudi ndani vinamla mtoto matumbo. Nani kasema? Wazee. Wazee gani? Wale ambao hawapo tena wa kuulizwa.

Noela mwenyewe hakuzaliwa na habari hizo. Kwao ni Bukoba, na huko alipougua yeye tetekuwanga akiwa mdogo, akabakiwa na kovu juu ya nyusi kama alama ya kidole, hakuna aliyezima jiko. Lakini mtu akihamia mjini hujifunza haraka, na Noela alijifunza mpaka akawapita walimu wake.

Mauwa hakuwa mtu wa ugomvi. Alizaliwa Newala, akasoma mpaka la saba, akaolewa na Twaha, mchonga vinyago, akaja naye Dar es Salaam. Twaha alikaa Mwenge miaka mingi akichonga mpingo, anawachongea wazungu watu waliopandana mabegani, na vumbi la mpingo likamkaa kifuani mpaka likamwondoa. Alimwachia mkewe binti mmoja, ambaye sasa kaolewa Wazo, vinyago viwili visivyopata mnunuzi ambavyo vilikuwa vinazuia mlango usipigwe na upepo, na kigoda cha mninga alichomchongea kwa kipimo chake mwenyewe. Mtu mwingine akikikalia hakai vizuri. Juu ya kigoda hicho Mauwa alikaanga bagia zilizomsomesha mwanawe, zikamwoza, na sasa zilikuwa zinamlisha yeye.

Bagia hizo hakuziuza nyumbani. Aliziweka kwenye hotipoti kubwa, akajitwisha, akaenda nazo sokoni Tandale, ukutani kwa ghala la mchele, chini ya bati la Erasmus. Erasmus ndiye msimamizi wa ghala. Hakumtoza kitu. Alichotaka ni kwamba malori yakifika asubuhi, makuli wake wale hapo hapo, wasitawanyike kutafuta chai. Sharti lake lilikuwa moja: moto marufuku, maana magunia hayana utani na cheche. Kwa hiyo Mauwa anakaanga nyumbani, anauzia pale. Na sokoni pale, kama unavyojua soko, mahali hapana mwenyewe, pana anayekaa. Ukinyanyuka ukachelewa kurudi, unakuta mwenzio kashakaa, tena anakukaribisha kwa heshima zote.

Na mwezi uliokuwepo ulikuwa Rajabu, umefika katikati, baada yake Shaabani tu. Ramadhani inabisha hodi. Kwa muuza bagia, mwezi wa Ramadhani ndio mwaka wenyewe. Miezi mingine ni ya kusubiri tu. Hata asiyemkumbuka Mauwa mwaka mzima, jua likianza kuzama ndani ya mfungo atamkumbuka.

"Nyumba yenyewe ni kubwa," Mauwa akajaribu. "Nikisogeza jiko kule chooni?"

"Moshi hauna miguu?"

Wakaenda kwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ni Bi Jokha, bibi wa Kiarabu, babu zake walikuja na biashara na yeye kazaliwa hapa hapa mjini, Kariakoo. Alikuwa na chumba cha mbele, magoti mabovu, na sauti laini ambayo haijawahi kumkataza mtu kitu.

"Shikamoo Bi Jokha."

"Marahaba mwanangu. Nimeshasikia. Mie sikukatazi, Mauwa. Riziki yako kakupa Mungu, nina ubavu gani wa kuizuia? Kaanga mwanangu. Ila mtoto wa watu akifa, wewe ndiye utakayejua la kumwambia Mola wako."

Basi, hakukatazwa. Alizima tu jiko.

Karai lilipozimwa, mlango wa Noela ukafunguliwa. Maana mgonjwa hutazamwa, na kumtazama mgonjwa kuna thawabu, jambo ambalo hakuna mcha Mungu atakayelipinga. Walikuja wa nyumba ile, wakaja wa nyumba za kushoto na za kulia, kila mmoja na watoto wake, kwa sababu watoto utawaacha na nani? Watoto wakakaa mkekani na Jesca. Wakamhesabia vipele. Wakanywa naye uji kwenye kikombe kimoja, ili asijione ametengwa. Bi Jokha, ambaye magoti hayamruhusu, akamtuma mjukuu wake Haroub apeleke juisi ya ukwaju, na Haroub, mtoto mwenye adabu, akakaa mpaka jioni. Mlangoni amesimama mama mmoja kama askari, kazi yake kunusa. Akipita mtu na chipsi kwenye mfuko, anafukuzwa mpaka barabarani. Mtoto anayekohoa anakaribishwa ndani.

Thawabu zilikusanywa nyingi siku zile. Na kingine kikakusanywa pamoja nazo.

Jesca akapona. Vipele vikakauka, akaogeshwa maji ya mwarobaini, Mauwa akaloweka kunde. Asubuhi yake Haroub akaamka anajikuna.

"Subira, mwanangu," akasema Bi Jokha kwa ile sauti. "Sikukatazi."

Kunde zilizolowekwa Mauwa akazipika zikawa kitoweo. Haroub alipoanza kukauka, wakatoka watoto wa chumba cha nyuma, tena si kwa pamoja, bali mmoja anamsubiri mwenzie amalize, kama watu wastaarabu kwenye foleni. Tetekuwanga ulipita nyumba ile chumba kwa chumba kama mkusanya kodi, tofauti ni kwamba mkusanya kodi watu humfungia milango.

Na wote walikuwa wanasema ni ugonjwa mdogo. "Huu si ndui, huu wa watoto tu, unapita." Mdogo kweli. Ulichofanya si kingi. Ulimfunga Mauwa jiko. Ulipunguza darasa la kwanza mpaka mwalimu akawa anafundisha madawati. Ulimtoa Noela kazini, maana alikuwa anafua na kupiga pasi kwa watu huko Kawe, na mama aliyemwajiri alimwambia abaki na mtoto mpaka apone. Mtoto akapona, na kazi nayo ikawa imeshapata mtu mwingine. Watoto wa huko Kawe wenyewe hawakuwa na hofu yoyote. Walishachomwa sindano ya tetekuwanga, hospitali ya kulipia.

"Kumbe ipo sindano?" Mauwa akauliza.

"Ipo," Noela akasema. "Ila si ya kwetu."

Mauwa akatafuta njia. Akabeba karai lake mpaka nyumba ya tatu, kwa mama mmoja wanayeswali naye, akamwomba uani pake. Mama yule akakubali kwa moyo mweupe. Walikaanga siku mbili, harufu ikarudi mtaani kama ndugu aliyesafiri, na Hamida, mke wa kijana wa chumba cha mwisho, mwenye mimba yake ya kwanza, akaja mbio na tumbo lake mbele. Alikuwa na hamu ya bagia tangu jiko lizimwe. Alikula tano kabla hajasalimia.

Siku ya tatu, mtoto wa nyumba ile naye akatoka vipele. Alikuwa mmoja wa wale waliokuja kumtazama Jesca.

"Da Mauwa," mama yule akasema, anamkabidhi karai na macho kayaweka chini. "Usichukie. Lakini watu wanasema labda wewe ndiye unatembea nao."

Mauwa hakuchukia. Alijitwisha karai tupu, akarudi. Mtaani watu walimpisha njia, yeye ambaye hakuwa na kipele hata kimoja.

Jioni ile Venance akaja. Venance ni kuli wa ghala, Mndengereko wa maneno mengi na mabega mapana, mteja wa Mauwa wa miaka yote. Alisimama nje ya dirisha.

"Da Mauwa, unatuua! Watu tunabeba magunia na tumbo linapiga singeli."

"Gervas si yupo? Nasikia analeta sambusa."

"Sambusa zile? Ukiitupa ukutani inakurudia mkononi. Kaziweka kwenye ndoo, hujui za jana wala za mwaka jana. Ila anakaa, da Mauwa. Kila siku anakaa. Mwanzo alikaa pembeni, sasa yuko palepale kwako, kaja na stuli."

"Na bosi Erasmus anasemaje?"

Venance akajikuna shingo. "Anasema anakuheshimu. Anakuwekea mpaka mwezi wa mfungo uandame. Ukiandama hujafika, basi tena, na makuli lazima wale."

Hapo ndipo Mauwa alipojua kwamba anakimbizana na mwezi, na mwezi hauna tabia ya kusubiri mtu.

Haroub, wakati huo, alikuwa hajapona vizuri. Alijikuna mpaka vipele viwili vya mgongoni vikatunga usaha na homa ikarudi. Bi Jokha hawezi kutembea, baba mtu yuko safarini, Noela yuko mjini anatafuta kazi. Akaombwa Mauwa ampeleke zahanati. Nani mwingine? Yeye ndiye hana kazi. Akambeba mgongoni, mtoto kalaza shavu lake la moto shingoni mwake, anampumulia sikioni njia nzima.

Nesi alikuwa msichana mdogo mwenye macho ya kukesha. Alimsafisha Haroub, akampa dawa, akamkata kucha, akatoa maelezo kama mtu anayeyatoa kwa mara ya mia: mtoto asichanganyike na wengine mpaka vipele vyote vifanye ganda. Ugonjwa huu unakwenda kwa pumzi na kwa kugusana, tena unaanza kuambukiza hata kabla vipele havijaonekana.

"Na mafuta ya bagia?" Mauwa akauliza.

"Mafuta ya bagia yanafanyaje, mama?"

"Harufu yake. Si inarudisha vipele ndani?"

Nesi akaanza kucheka, akakumbuka anacheka na mtu wa umri wa mama yake, akaacha. "Mama yangu, hapa nilipo, angekuja mtu na bagia ningezila na mfuko wake. Hazirudishi kitu. Nyie waacheni watu wakaange, wazuieni watu kuingia. Hasa wajawazito, na watu wazima ambao hawajawahi kuugua. Mtu mzima unampiga vibaya, na mwenye mimba ni hatari kwake na kwa mtoto. Wewe ulishaugua?"

"Nilishaugua, mwanangu. Zamani, kwetu Newala. Mama alinambia."

"Basi wewe huna shida," akasema nesi, na kumwita mwingine.

Mauwa alirudi na habari ile kama aliyerudi kutoka Hija. Alimkuta Bi Jokha, Noela na wapangaji wengine wamekaa barazani, akaieleza yote, hakupunguza neno. Hamida naye alikuwepo, anakula ndimu kwa chumvi. Walimsikiliza vizuri sana.

Bi Jokha akauliza: "Huyo nesi, kashazaa?"

"Sikumuuliza, Bi Jokha."

"Ahaa," akasema Bi Jokha.

Na elimu ya afya katika nyumba ile ikaishia hapo.

Hata hivyo, kila foleni ina mwisho wake. Watoto walikwisha. Hakubaki wa kuugua. Hata yule mchanga wa chumba cha tatu alishatoka vyake. Bi Jokha akatangaza kwamba shari imeondoka, akaita watu wakasoma dua barazani, wakanywa kahawa, na mbele ya wote akamwambia Mauwa: "Kaanga sasa, mwanangu. Mie sijawahi kukukataza." Ilikuwa imebaki juma moja na vijisiku mwezi uandame. Mauwa alilia kwa furaha. Akaloweka kunde, akanunua kitunguu na pilipili, akalisugua karai kwa mchanga mpaka likang'aa, akakitoa kigoda nje.

Usiku mwili ukamuuma, akasema ni furaha. Alfajiri kichwa kikawa kizito kama gunia, akasema ni kukosa usingizi. Alipoinua mikono afunge mtandio wa sala, akaviona. Vya maji. Kifuani, tumboni, kwapani, na kingine kimekaa juu ya kope bila aibu.

Noela ndiye aliyekuja kwanza, akamwona, akashika mdomo.

"Da Mauwa! Wewe si ulisema ulishaugua?"

"Mama ndiye alisema."

"Aliona nini?"

"Vipele."

"Vipele gani?"

Mauwa akafikiri. Homa ilikuwa inamrusha, lakini akafikiri. Newala ya wakati ule mtoto akitoka chochote, awe kaumwa na siafu au kala embe bichi, aliambiwa ni tetekuwanga, akapakwa unga wa muhogo, kesi ikaisha. Akaona mambo mawili kwa pamoja: kwamba hajawahi kuugua hata siku moja, na kwamba Haroub alimpumulia sikioni njia nzima ya zahanati.

Na nesi alisema kweli. Watoto walikuwa wamecheza nao ule ugonjwa, yeye ulimlaza. Vipele vikamwingia mdomoni na kooni, akawa hamezi hata uji. Mgongo haulaliki, tumbo halilaliki. Noela alimpaka kalamaini akawa mweupe kama mwari aliyepakwa unga, akamnywesha panado, akamnong'oneza, "Bagia zako tulizikosea, da Mauwa. Mie nilizikosea," kisha akatoka haraka asijibiwe.

Nyumba nayo haikumtupa. Mungu awalipe, haikumtupa hata kidogo. Kwanza, kwa kumhurumia, jiko lilizimwa tena. Hakuna kukaanga: Mauwa wetu anaumwa! Ndoo ya kunde ikakaa uani mpaka ikaanza kutoa povu. Pili, wakaja kumtazama. Walikuja wote, walikaa kitandani, walimshika mkono, walimwombea. Walikuja na watoto wa ndugu waliofika kutoka Mbagala kwa ajili ya mfungo, watoto wageni, ngozi zao laini kabisa.

Siku moja kabla ya watu kuanza kuutafuta mwezi, Venance akaja dirishani. Safari hii hakutania.

"Da Mauwa, pole. Gervas kaleta meza. Kaigongea misumari ukutani. Bosi kasema bado anakuwekea. Mpaka kesho. Akija mtu yeyote na bagia zako asubuhi, hata kama si wewe, meza inang'oka. Mie mwenyewe nitaing'oa."

Mauwa akafumba macho. Alipoyafumbua chumba kilikuwa kimejaa. Bi Jokha kaja, magoti yake hayo hayo, kaegemea fimbo, kakaa ukingoni mwa kitanda. Noela yuko kichwani na bakuli la uji. Wageni wa Mbagala wako mkekani na watoto wao. Na mlangoni, nusu ndani na nusu nje, kasimama Hamida na tumbo lake, anashangaa vipele, anauliza kama yeye anaweza kuingia amshike mkono da Mauwa, maana kwao alizaliwa peke yake na hajawahi kumwona mgonjwa wa tetekuwanga kwa karibu.

"Mwanangu," Bi Jokha akasema, na safari hii sauti ilikuwa laini kweli, kwa sababu alikuwa analia. "Umembeba mjukuu wangu mgongoni. Sema unachokitaka. Mgonjwa hanyimwi. Unataka madafu? Unataka tukuletee shehe?"

Mauwa akajiinua kwa kiwiko. Koo lilikuwa linamkata, ikabidi aseme polepole, na hakumtukana mtu.

"Hamida, toka mlangoni, mwanangu, nenda chumbani kwako na usirudi. Na nyie wengine wote nawaomba mtoke, mnifungie mlango, asiingie mtu ila mama Jesca, yeye alishaugua, ana kovu lake. Mama Jesca, kunde zile mwaga, loweka nyingine sasa hivi. Alfajiri kalia kigoda changu, nikaangie bagia hapa chini ya dirisha langu, Venance azipeleke. Vipele vikirudi ndani, vitarudi kwangu."